Homa ya Mwaka Juzi

Mbele yangu kwenye kivuko alikaa dada mpimaji, amepakata boksi la barafu lenye chupa za damu za kisiwa chetu kizima, za kupima nani aliwahi kuugua dengue, ile homa ya mbu. Kando yake alijibanza fundi makochi, ambaye hakuwa hata na safari.

"Dada yangu, hivi kweli damu inakumbuka?" akauliza. "Inakumbuka, kaka. Ukishaugua dengue, hata miaka ikipita, alama inabaki." "Na kama mtu hakuugua?" "Itasema hakuugua."

Fundi akafuta jasho. Upepo ulikuwepo wa kutosha, ila jasho lile lilikuwa na sababu zake. "Mwaka juzi mama mkwe alikuwa anahama, mimi nibebe makabati. Nikamwambia mke wangu nina dengue. Akanikamulia machungwa wiki nzima, huku analia. Nirudishie chupa yangu, tafadhali."

"Haiwezekani. Lakini usihofu, majibu utapewa mwenyewe, mkononi." "Wewe dada hujaolewa, eh? Mkono wangu ndio mkono wa mke wangu!" "Basi mwambie ukweli." "Nakuomba msaada, wewe unaniletea balaa!"

Kivuko kikagusa gati, pale kwenye matairi yaliyojaa maji ya mvua. Mbu mmoja akatua mkononi mwa fundi. Nikainua kofi nimsaidie, akanizuia. "Mwache ale, mdogo wangu."

"Kaka," dada akasema, akinyanyuka na boksi lake, "mbu wa leo hawezi kukuambukiza homa ya mwaka juzi."

Fundi alikuwa anakunja mkono wa pili wa shati.