Lorene Pospisil, Mtunza Nota wa Ukumbi wa Vlasta

Jumamosi hii, tarehe 24 Septemba 2011, Bi. Lorene Pospisil anastaafu baada ya kutunza nota za bendi yetu kwa miaka arobaini na mitatu. Katika miaka yote hiyo hajawahi kucheza dansi ukumbini humu hata wimbo mmoja. Si utani, na mimi mpiga ngoma ninayekaa nyuma yake ni shahidi.

Alianza Aprili 1968, wakati vijana wa jimbo letu la Nebraska walipokuwa wameshahamia kwenye magitaa ya umeme na kila mtu akituambia swingi, muziki wetu wa dansi, imekufa. Alizikuta zilipendwa zetu mia sita na kumi na mbili zimerundikwa kwenye makreti ya bia. Akazipa namba, akagundisha zilizochanika, na sehemu nzima ya tarumbeta ya tatu iliyoliwa na panya akaiandika upya kwa mkono. Wateja wetu huomba nyimbo papo hapo, na ombi likifika jukwaani Lorene huchomoa karatasi kumi na nne kabatini, moja kwa kila mpigaji, na kuzigawa kabla kiongozi wa bendi hajamaliza kukohoa. Ndiyo maana hashuki kucheza. Mumewe Delbert, fundi wa matrekta, humsubiri kwenye meza ya karibu na mlango, yeye na kipande chake cha pai ya cheri.

Mwaka 1993 nusura acheze. Jumatano mafuriko yaliingia stoo yakalowesha kabati zima, na Jumamosi yake wawili hawa walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Alikuwa amemwahidi Delbert dansi moja. Akatupigia simu sote: "Kila mtu aje na pasi! Na atakayeunguza nota zangu atanitambua!" Tulizikausha karatasi kwa pasi siku mbili, sisi na wake zetu, ukumbi ukanuka kama kwa dobi.

Jumamosi muziki ukaanza, Lorene akavua aproni, akashuka, Delbert akasimama. Kumbe katika kuanika tulikuwa tumechanganya kurasa za pili! Saksafoni zikafunua ukurasa zikaingia kwenye wolzi ya mapigo matatu, tarumbeta zikang'ang'ania foksitroti ya mapigo manne, na watu mia mbili wakakanyagana vidole. Lorene alikuwa amebakiza hatua tatu kumfikia Delbert.

"Delbert, ngoja kidogo tu!" akasema, akarudi mbio.

"Nenda, mama, nimeshazoea," akajibu, akakaa.

Kidogo hicho kimefika miaka kumi na minane, na kusema kweli kinatuuma.

Sasa nitoboe siri. Tangu Julai, kila Jumanne, tumekuwa tukijificha kwenye gereji yangu. Wazee wa miaka sabini na kitu, watu wanaotafuta miwani iliyo usoni mwao, wamekariri nyimbo kumi na mbili kutoka mwanzo hadi mwisho! Leo jukwaani hakuna karatasi hata moja. Ufunguo wa kabati ninao mimi, na siutoi.

Asante, Lorene, kwa kila ukurasa uliotuwekea mbele ya macho. Wewe na Delbert tunawaombea afya, vicheko na Jumamosi nyingi zisizo na kazi. Hotuba zikiisha tunaanza na wimbo namba 87, na Delbert ameshaambiwa asimame akungoje. Tutakosea, tena tutakosea sana. Usigeuke nyuma.