Bwana Ansbert, Aliyenywea Kikombe cha Hamisa

Baada ya utumishi wa miaka ishirini na tisa, Bwana Ansbert Rutashobya atastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1957. Alifika kutoka Bukoba akiwa dresa kijana wa kufunga vidonda. Anatuaga akiwa mganga msaidizi ambaye Temeke nzima humwita Daktari wa Pua. Jina hilo hulikana, lakini ukimwita huitika haraka.

Alilipata kwa haki. Mwaka 1949 alikuja zahanatini Hamisa, mshonaji wa magodoro ya sufi. Kila akifungua gunia la sufi alipiga chafya mfululizo, pua ikichuruzika, kisha ikaziba na kifua kikapiga miluzi. Mtaani walikwisha kuhukumu: kifua kikuu. Mama mkwe akamtengea sahani na kikombe, na mtoto wake mchanga akapelekwa kwa ndugu huko Kipawa.

Makohozi yalipimwa, yakaonekana safi. Fakihi, mumewe, hakuamini. Basi Bwana Ansbert akapanda baiskeli, nami mwanafunzi wake nikamfuata, hadi nyumbani kwao, ambako mama mkwe alitupokea.

"Shikamoo, mama. Mkwe wako hana ugonjwa wa kuambukiza."

"Marahaba. Mbona hapumui sawasawa?"

"Ni vumbi la sufi, mama. Likimwingia puani, mwili hulidhania adui. Chembe hai za kwenye utando wa pua humwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayomwasha na kutanua mishipa ya damu, maji yakavuja, utando ukavimba. Kemikali za namna hiyo zikimwagika kifuani, njia za hewa hubana. Ndiyo miluzi hiyo."

"Maneno matamu. Wewe ungekula naye?"

Bwana Ansbert akakiomba kikombe cha Hamisa, akachota maji mtungini, akanywa yote mbele yetu. Hamisa akajifunika uso kwa khanga, akalia.

Jioni ile Fakihi alimrudisha mtoto. Hamisa akaacha kuchambua sufi, akabaki kushona foronya za magodoro barazani. Vidonge vipya vya kuizuia histamini vilimsaidia pua, ingawa vilimsinzisha mchana kutwa. Chafya hazikwisha kabisa, ila miluzi ilikoma.

Sisi aliotufundisha tumejifunza kumuuliza mgonjwa anafanya kazi gani kabla ya kuutaja ugonjwa wake. Wafagizi nao wanamjua: ole wake afagiaye bila kunyunyiza maji!

Asante, Bwana Ansbert. Tumejivunia kuvaa sare moja nawe. Mungu akujalie afya, kahawa nzuri na pumzi tele.