Nani Aliipiga Pasi Noti Nyekundu

Mstari wa pasi katika wasifu huu haufutwi. Mdogo wa marehemu ameshika kalamu tangu asubuhi akisema, "Shemeji, mambo ya pasi hayasomwi kaburini." Mke wa marehemu amemjibu, "Yasomwe wapi basi, shemeji, saluni?" Kwa hiyo wasifu huu unasomwa wote.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1944, mtoto wa tatu wa seremala. Siku hiyo mvua ilinyesha mpaka kuku wakahamia juu ya kabati, na anayebisha aseme alikuwa wapi. Alisoma hadi darasa la nane, akawa na mwandiko ambao hata walimu waliuazima.

Mwaka 1962 aliajiriwa katika karakana ya kujalidi vitabu, akakaa huko miaka thelathini na saba, akinuka gundi hata nzi aliyetua juu yake hakuruka tena. Tarehe 6 Agosti 1967 alimuoa binti wa jirani, ambaye shule aliiona kwa nje tu.

Mwaka 1971, ndani ya kitabu chakavu kilicholetwa karakana, alikuta noti nyekundu ya dola moja, ya zamani, kutoka visiwa vya Karibi. Ilikuwa na ramani ya visiwa vidogo kama makombo ya mkate. Mwenye kitabu akamwambia abaki nayo. Toka hapo akanasa. Aliandikiana barua na watu asiowajua, wakabadilishana, hadi albamu ikafika noti mia moja na kumi na mbili za visiwa hivyo. Mkewe alizijua zote kwa picha.

Juni 1989 mkewe aliimwagia ile nyekundu chai ya maziwa. Akaifua kwa sabuni kama kola ya mwanafunzi, akaianika kwa kibanio, akaitia wanga na kuipiga pasi mpaka ikasimama mezani peke yake kama askari. Akairudisha kwenye albamu, roho kwatu. Hakujua kwamba kwa wakusanyaji, noti ya zamani ni heri ibaki na mikunjo yake, na pasi huiua thamani.

Jumapili iliyofuata fundi saa, mkusanyaji mwenzake marehemu, aliikagua kwa lenzi. "Nani kaipiga pasi hii?"

Marehemu alimtazama mkewe, aliyesimama mlangoni na sinia. Akasema, "Mimi."

Wakusanyaji wenzake waliposikia walicheka wakashika mbavu, wakambandika jina Pasi. Alilibeba miaka thelathini na mitatu, hadi wajukuu wakamwita Babu Pasi. Na mkewe, mwenye hadithi saba kwa siku, hiyo moja ilimkwama kooni.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020. Tarehe 9 Mei 2022, wodini, mkewe alijikaza.

"Mzee, ile noti nyekundu..."

"Ilinukia sabuni yako," alisema marehemu. "Nilijua kabla ya fundi saa. Sasa nikwambie kwa nini sikusema..."

Muuguzi akaingia, akamtia kipimajoto mdomoni, mazungumzo yakakatika, na saa ya kutazama wagonjwa ikaisha. Kesho yake, saa nne asubuhi, alifariki.

Ameacha mwana mmoja, mabinti watatu, wajukuu kumi na mmoja, mdogo wake mwenye kalamu, albamu yake, na mjane, ambaye kuanzia leo ndiye aitwe Pasi. Marehemu amerudishiwa jina lake likiwa safi. Apumzike nalo kwa amani.