Bi Duara na Limau Tulilolisifu Redioni

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Bi Duara, msusi na mpambaji, aliyefariki Jumatatu kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja, viti viwili, na kioo chenye ufa pembeni.

Kwa nini Bi Duara? Kwa sababu ya kalamu. Ukimpelekea krimu mpya, hakukupaka usoni ng'o. Alikupaka tone moja ndani ya mkono, akalizungushia duara kwa kalamu ya wino, akakwambia urudi keshokutwa. Akikuta pamevimba, krimu ilienda pipani. Wateja walimtania.

"Bi Duara, harusi ni kesho!"

"Basi ungekuja juzi," anajibu, huku anaendelea kusuka.

Si kwamba alipinga kila kitu. Mdogo wake anakumbuka alivyoulizwa kuhusu tango la kubandika machoni. Alicheka. "Halidhuru, ila madoa halifuti. Likibaki, litafune."

Sasa nifike pale ambapo ulimi wangu unakuwa mzito. Miaka minne iliyopita, mtangazaji mmoja wa redio hii alisoma ushauri uliotumwa na msikilizaji. Limau na dawa ya meno, paka usoni, kaa juani nusu saa, madoa kwisha. Hakuujaribu. Hakumuuliza daktari. Bi Duara akapiga simu, akaunganishwa hewani.

"Mwanangu, wewe mwenyewe umejipaka?"

"Shangazi, sema tu unaogopa kukimbiwa na wateja!"

Studio nzima ikaangua kicheko. Simu ikakatwa.

Mtangazaji huyo ni mimi, wasikilizaji wapendwa. Nilimkatia simu mtu mzima aliyekuwa anasema kweli, na nikajiona mjanja.

Siku ile, binti wa kaka yake Bi Duara alikuwa anasikiliza nyumbani. Miaka kumi na tisa, madoa ya chunusi, amechoka kuambiwa asubiri. Akapaka. Akakaa juani. Kufika jioni mashavu yalikuwa yamebabuka. Shangazi yake ndiye aliyemkimbiza hospitali, na ndiye aliyemshika mkono alipokuwa anasafishwa vidonda.

Haya nimeyajua juzi tu, msibani. Binti mwenyewe alinihadithia, alama bado iko shavuni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikamuuliza, mbona hamkuja kuniumbua?

"Nilitaka," akasema. "Shangazi akanikataza. Alisema, 'Mwache, atanipigia mwenyewe.' Kila kipindi chako kikianza, aliweka simu mapajani."

Miaka minne. Sikupiga.

Kwa mdogo wake, kwa binti yetu, kwa wateja mliotoka pale na maduara mikononi, poleni sana. Msiba huu nami unaniuma, ingawa sina uso wa kusema ni wangu. Na wewe unayesikiliza, ukipewa ushauri wa urembo, hata ukitoka kinywani mwangu, uliza kwanza. Nani ameujaribu? Unasaidia kitu gani hasa? Unaweza kuniumiza vipi? Kisha tone moja mkononi, na siku mbili za kungoja.

Ushauri wa limau ulikuwa wa hatari. Nasema hivyo hewani, kwenye maikrofoni ile ile niliyokuchekea. Bi Duara, wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Nilipaswa kuyasema haya ungali unasikiliza.