Mwalimu Anaclet na Nyota ya Albertine

Bamupe, bazazi, bandugu na majirani ya kambi, mimi Stanislas, mudogo wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya yaya yangu, kaka yangu mukubwa, nami nitasoma bila mapambo, maana yeye mwenyewe aliyachukia.

Mwalimu Anaclet Mukuka alizaliwa tarehe 9 Mei 1906 karibu na Kongolo, akabatizwa huko, akasoma kwa bamupe, mapadri wa misheni, mpaka 1923, mwaka uliofuata akashuka treni hapa Élisabethville, akafanya kazi ya reli, ndipo mupe mumoja muzee mwenye darubini akamuonyesha mbingu, na tangu jioni ile, masikini, hatukupata tena mazungumzo mengine mezani. Mwaka 1931 alifanywa mwalimu wa masomo ya kambi.

Tarehe 4 Juni 1932 alifunga ndoa na Régine, Mungu akawapa batoto batano, Albertine ndiye wa kwanza.

Tarehe 12 Julai 1941 Albertine alikufa kwa surua. Jioni ya kilio nyota ya moto ilipita juu ya lupango, kiwanja cha nyumba yao, bamama bakapiga yowe kwamba nyota ya mutoto imeanguka, kama tunavyosema tangu babu zetu, lakini yaya, macho yamevimba, akasimama akaeleza kwamba ile ni jiwe dogo kama mbegu ya mutama, linawaka likiingia hewani, na kwamba nyota ni jua kama hili letu, mbali hivi kwamba hata moja ingezimika leo, mwanga wake ungekuwa bado njiani tukiwa tumeshazikwa sisi bote.

"Nyota haikuanguka," akasema. "Ni mutoto wangu amekufa."

Aa, siku ile! Bakwe bakasema baba anayefundisha kwenye kilio ya mutoto wake ndiye amemula kwa uchawi, bakamurudisha Régine kwao Kongolo, mpaka yaya aombe musamaha na kukubali kwamba nyota ilianguka. Mimi nilimusihi akubali tu, maneno hayavunji mufupa, naye akakataa katakata.

Desemba akapanda treni kuwafuata. Mvula ilipopumua, akaketi nje usiku na baba mukwe wake, akamuonyesha ule mukanda mweupe unaovuka mbingu, kijiji cha majua yasiyohesabika, letu likiwa moja tu, na upande wa kusini vile viwingu viwili ambavyo upepo hauvipeleki, vijiji vingine vya majua, nje kabisa ya chetu, kisha akamuuliza, kama kila maiti inaangusha nyota, surua ya mwaka huu, iliyoua batoto wengi, imeacha wapi shimo mbinguni. Muzee alitazama muda mrefu, akamuambia achukue bibi yake.

Miaka kumi na tano yaya aliwatembeza banafunzi mpaka Kasungami, nje ya muji, kukimbia mwanga wa kiwanda, wakaone wenyewe. Januari 1957 kifua kikamushika, na tarehe 6 Agosti akatuacha, akiwa na miaka 51.

Tunashukuru badaktari, balimu benzake, na majirani mulioleta kuni na unga. Mama Régine naye tunamushukuru, kwani jana jioni nyota ya moto ilipita juu ya kilio hii, bamama bakaanza yowe, yeye akainua mukono.

"Ile ni jiwe," akasema. "Mumulilie bwana yangu."

Pumzika kwa amani, yaya, nimetazama nyota, ziko zote.