Njia ya Uani kwa Bi Chausiku

"Yaani tufe maskini kwa ajili ya uchochoro!"

"Uchochoro? Jeneza la baba ulilipitishia wapi, we Mudathir? Juu ya bati?"

Kitandani, Bi Chausiku aligonga ukuta kwa kiganja, wanawe, Mudathir na Farida, wakanyamaza. Tangu juzi hata uji haukupita kooni, lakini masikio yalikuwa mazima. Alijua dalali yuko njiani na mnunuzi, na kwamba mnunuzi anataka kuzungushia kiwanja ukuta mpaka ukingoni mwa mto. Akataka aegemezwe, Farida akamwinua.

"Sikilizeni, wanangu, na usinikatize, Mudathir, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kugombania. Babu yenu alipofika hapa Mtoni daraja halikuwapo. Watu walivuka juu ya gogo la mnazi, na gogo lenyewe lilianzia uani kwetu, pale lilipo daraja la miguu sasa. Lile jiwe pana mnaloliona limejaa takataka ndipo mama yangu alipofulia, na ndipo baba yenu aliponiona, akajifanya anaosha baiskeli isiyo na tope. Msikiti ulikuwa wa makuti. Makaburi wakayaweka ng'ambo, kwenye mwinuko, Waislamu huku na Wakristo kule, kwa kuwa mto huu ukifura haubagui. Ndiyo maana kila jeneza la mtaa huu hupita uani kwetu. Wabebaji husema, 'Hodi, tunapita,' nasi hujibu, 'Piteni, njia yenu,' hata kama sufuria iko motoni.

"Adelard, jirani yetu, aliziba upande wake kwa seng'enge, watu wakawa wanazunguka topeni na maiti begani. Masika yakamchukua mama yake, Demetria, na barabara imejaa maji. Akaja hapo mlangoni, kofia mkononi. Nikamwambia, pita. Kesho yake aling'oa seng'enge mwenyewe. Kinyongo changu kwake siwarithishi. Nakwenda nacho, tutamalizana huko huko.

"Nyumba gawaneni kama dini inavyosema. Cherehani ni ya Farida, nilishampa nikiwa mzima. Mkiuza vyumba, uzeni, mie sivihitaji tena. Lakini njia si yangu wala si yenu, nitauzaje nisichonacho? Anayeziba njia ya maiti asisahau kwamba naye atabebwa. Na mie msinipakie kwenye gari mkanizungusha barabarani kama mgeni! Nitapita uani kwangu. Wewe, Mudathir, ndiye utakayesimama mlangoni uwajibu... Mungu awape riziki isiyomlaza mtu njaa... awakalishe pamoja... Farida, maji... Msi... msiizibe."

Akafumba macho. Maji yalimtiririka kidevuni, kifua kikapanda taratibu.

"Hodi hapa!" Ilikuwa sauti ya dalali. "Mteja huyu, na kamba ya kupimia tunayo. Tunapita uani!"

Bi Chausiku alisikia nyayo za mwanawe zikienda mlangoni, zikasimama.

"Piteni, njia yenu," alisema Mudathir. "Ila hiyo kamba irudisheni mfukoni."