Baba Mwenye Kinywa Kilichojaa

Sogeeni wanangu, na hiyo pampu iacheni ingurume. Nimelala nayo miaka ishirini na tatu, leo haitanisumbua. Mwalimu, binti yangu, kaa kitandani uandike. Kitinda mimba, futa machozi, sijafa bado. Na wewe Fundi, mkubwa wao, uliyesimama mlangoni kama mgeni, ingia, maana maneno haya ni yako zaidi.

Nyumba ni yenu watatu, msiitie ukuta katikati. Lakini chumba hiki cha matangi ya kioo ni amana. Kituo cha utafiti kilipofungwa, mimi mtengeneza pampu nilikabidhiwa ndoo yenye samaki sita, kila mmoja kama kidole gumba, mistari myeupe ubavuni, samaki ambao duniani kote huishi kwenye miamba ya visiwa vitatu tu, mbali kabisa na bara. Majirani walinicheka kwamba nafuga kitoweo kisichojaza kijiko. Wacheke! Leo wako mia nne na kumi, na watu wa visiwa hivyo wanawafuata Jumatatu, kwa sababu kwao hajaonekana hata mmoja tangu joto liue matumbawe, na sasa matumbawe yanachipua tena.

Sikilizeni sasa kosa langu. Jike akishataga, dume huyabeba mayai kinywani siku ishirini, asile hata punje. Fundi hakujua, kwa kuwa sikumwambia. Mimi hudhani ninachokijua kila mtu anakijua. Akamwona dume amekonda, hagusi chakula, akamvua kwa wavu ampeleke tangi la dawa, naye kwa hofu akayatema mayai yote. Mtoto alitaka kuponya! Nami nikamwambia mbele ya mkewe kwamba mkono wake hauwezi kulea hata kiroboto. Ulimi hauna mfupa. Akaondoka miaka kumi na mmoja, na ninyi mkaogopa hata kumtaja mezani.

Nisamehe, mwanangu. Dume yule alifunga kinywa na njaa yake ili wanawe wasipotee. Mimi nilikuwa nimeshiba, nikafungua changu, nikakupoteza.

Basi wewe ndiye utakayesafiri nao, na ndugu zako wasipinge, kwa maana aliyewahi kukosea hapa ndiye atakayekuwa mwangalifu kuliko wote. Mkifika msiwamwage kwa pupa. Waongezeeni maji ya kule kikombe kwa kikombe, wayazoee. Dume wa tangi la dirishani, mwenye mashavu yaliyovimba, abaki. Leo ni siku yake ya kumi na tisa. Asiguswe.

Umeandika, Mwalimu? Vizuri... Mungu awafungulie njia. Njaa ikija, ije, lakini msitemane... Fundi, nipe mkono. Huo huo.

Hapana, kijiko hicho kiondoeni... sitaki kula... kinywa kimejaa majina yenu.